Redio ndani ya picha: jinsi ya kutumia video za zamani za televisheni kuchunguza historia ya redio Nyanda za Juu Kusini

Anayetaka kuandika historia ya redio huanza kwa kutafuta sauti, na mara nyingi hukwama hapohapo. Matangazo mengi ya moja kwa moja yalipita hewani yakaisha. Hata tepu zilizobaki kwenye maktaba ya iliyokuwa Radio Tanzania Dar es Salaam, pamoja na utajiri wake wote, zinasimulia upande wa studio tu. Hazisemi redio ilikaa wapi ndani ya nyumba ya Tukuyu, nani aliruhusiwa kuzungusha kitufe chake, au watu wa Ismani walikaaje ilipofika saa ya taarifa ya habari. Hayo yalinaswa na kamera, tena mara nyingi bila mpiga picha kukusudia.

Mwongozo huu ni kwa mwanafunzi wa chuo kikuu cha Mkwawa au Teofilo Kisanji, mwalimu wa historia, mtangazaji wa Mbeya, Iringa au Njombe anayetaka kipindi chenye mizizi, na yeyote mwenye kompyuta na bando la kutosha. Kamera haikwenda kutafuta redio. Ilimfuata rais, reli, mbio za mwenge, mavuno. Kwa hiyo kazi yako kubwa itakuwa kutazama pembeni ya picha.

Anza na miaka

Usifungue video hata moja kabla ya kuandika ratiba kwenye karatasi na kuibandika ukutani. Kituo cha Dar es Salaam kilianza kutangaza mwaka 1951 kwa jina la Sauti ya Dar es Salaam. Mwaka 1956 likaundwa Shirika la Utangazaji la Tanganyika, kwa kifupi TBC. Mwaka 1965 serikali ililichukua moja kwa moja, ikawa Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD. Upande wa televisheni, Zanzibar walikuwa na ya rangi tangu nusu ya kwanza ya miaka ya 1970, lakini Bara ilisubiri hadi 1994 vituo binafsi vilipoanza Dar es Salaam. Televisheni ya taifa, TVT, ilikuja karibu na mwaka 2000. Kisha redio na televisheni za serikali zikaunganishwa, na shirika lililopo leo likapewa jina la TBC kuanzia 2007.

Umeona mtego? TBC ziko mbili. Ukikuta kwenye katalogi ya nje maelezo ya filamu ya mwaka 1962 yanayotaja TBC, hiyo ni ya Tanganyika, na aliyeandika katalogi hana haja ya kukueleza. Nimesoma kazi za wanafunzi zinazosema TBC ya leo ndiyo iliyotangaza uhuru usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961. Ukoo upo, shirika si lilelile.

Ratiba inakupa jambo jingine zito zaidi. Kuanzia 1951 hadi 1994, miaka 43, redio ya Bara haikuwa na televisheni ya nyumbani ya kuitazama. Picha zote za enzi hiyo zilipigwa na watu wengine kwa shughuli nyingine: wapiga picha wa mashirika ya habari ya nje, vitengo vya filamu vya serikali ya kikoloni, Tanzania Film Company iliyoanzishwa 1968, na Wachina waliokuja na reli. Picha za baada ya 1994 ni za aina tofauti kabisa, kwa sababu nyingi ni watu wakikumbuka redio mbele ya kamera. Ziweke kwenye mafaili mawili, ushahidi wa wakati ule na kumbukumbu za baadaye, na usiyachanganye.

Swali liwe dogo

"Historia ya redio Mbeya" si swali, ni maktaba nzima. Swali linalojibika kwa picha lina kitu kinachoonekana ndani yake. Kwa mfano: katika picha zilizopigwa vijijini kati ya 1961 na 1985, redio iko mikononi mwa nani? Au: ni lini redio kaseti inaanza kuonekana sebuleni badala ya redio ya mkono? Au: mikutano ya hadhara ya Iringa ilitumia vipaza sauti vya gari au redio? Andika swali lako kwa sentensi moja. Kama sentensi hiyo haina kitu cha kushikika kwa macho, irudie.

Mahali pa kutafuta

Hazina za nje ndizo rahisi kufikiwa. British Pathé, watengenezaji wa zamani wa filamu za habari wa Uingereza, waliweka filamu zao 85,000 kwenye YouTube mwaka 2014, na mwaka uliofuata shirika la habari la AP, pamoja na British Movietone, likaweka zaidi ya 500,000. Makusanyo ya zamani ya Reuters nayo yanatafutika kupitia British Pathé. Kwa enzi ya mkoloni kuna tovuti ya Colonial Film, yenye orodha ya filamu zaidi ya 6,000 za makoloni ya Waingereza. Zinazotazamika pale ni takriban 150 tu, lakini maelezo ya nyingine yanatosha kukuambia kama inafaa kuzifuata.

Siri ni maneno ya kutafutia. Ukiandika "redio Mbeya" hupati kitu. Katalogi hizo ziliandikwa kwa Kiingereza, tena cha zamani, na anayeandika hakujali kama kuna redio kwenye kona ya picha. Tafuta mahali na tukio: "Tanganyika", "Southern Highlands", "Iringa", "Mbeya", "Tukuyu", "Tanzam", "Tazara", kisha ufungue moja moja. Kwa miaka ya 1950 jaribu pia "wireless". Soma orodha ya picha iliyo chini ya kila video ya AP, kwa sababu huko ndiko wanakoandika "wanakijiji wakisikiliza" hata kama kichwa cha habari kinazungumzia kahawa.

Reli ya TAZARA ni mgodi ambao wengi wanaupita. Ilijengwa kuanzia 1970 ikakabidhiwa 1976, na mradi mkubwa namna ile haukukosa kamera. Kambi za wajenzi, stesheni, umati kwenye uzinduzi: hapo tafuta kijana mwenye redio begani. Reli ilipita Mlimba, Makambako na Mbeya hadi Tunduma, kwa hiyo hata picha isiyo na maelezo unaweza kuikisia kwa milima.

Ukivuka Tunduma kuna jambo ambalo mtafiti wa Dar es Salaam hawezi kulifikiria. Mwaka 1949 huko Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, ilianza kuuzwa redio ya betri iliyotengenezwa kwa ajili ya wasikilizaji Waafrika. Umbo lake lilikuwa la mviringo kama sufuria, na ndiyo sababu ikaitwa Saucepan Special. Bei yake ilikuwa pauni 5, betri ikilipiwa mbali. Kituo cha Lusaka kilikuwa kikitangaza kwa lugha za Kiafrika kabla Dar es Salaam haijafungua mdomo. Ukiiona redio ya mviringo kwenye filamu yoyote ya upande wetu, simama hapo: huenda msikilizaji huyo alikuwa mtu wa Lusaka kabla ya kuwa mtu wa Dar.

Vituo vya nyumbani ni habari nyingine. TBC na ITV huonyesha picha za zamani kwa misimu: 26 Aprili, 14 Oktoba, 9 Desemba, na siku ya redio duniani, 13 Februari. Jiandae siku hizo uandike saa na jina la kipindi. Ukitaka kuingia maktaba yao, nenda na barua ya chuo au ya ofisi, taja tarehe na tukio unalotafuta, na usiseme "nataka picha za zamani za redio", maana hakuna mtunza maktaba anayeweza kukusaidia kwa ombi la namna hiyo.

Kanda za kipaimara, harusi na misiba

Hapa nakaa kidogo kwa sababu hakuna chuo wala shirika litakalokufanyia. Kuanzia miishoni mwa miaka ya 1980 wapiga video wa mitaani wa Mbeya, Iringa na Njombe walirekodi sherehe kwenye kanda za VHS. Sherehe hizo zilifanyika sebuleni na uani, na sebuleni kulikuwa na kabati, na juu ya kabati, chini ya kitambaa kilichofumwa kwa mkono, kulikuwa na redio. Kamera ilipita juu yake sekunde tatu ikielekea kwa bibi harusi. Sekunde hizo tatu ni ushahidi ambao British Pathé hawana.

Uliza kwenye familia yako kwanza. Kisha uliza mafundi wa video wa zamani wa Mwanjelwa, Kabwe au Miyomboni, maana baadhi yao walibaki na kanda ambazo wateja hawakuzichukua. Kanda ikiwa na unga mweupe ndani ya dirisha lake dogo, huo ni ukungu, na maeneo yenye unyevu kama Rungwe yanaulea vizuri. Usiitie kwenye deki, kwani utachafua vichwa vya deki na kuharibu kanda zinazofuata. Iache mahali pakavu penye hewa, mbali na jua kali, na utafute fundi anayejua kusafisha kwa mkono.

Kanda safi izungushe mara moja hadi mwisho na kurudi ndipo uicheze. Unganisha deki na kompyuta kwa kifaa kidogo cha kunasa video kinachochomekwa kwenye USB. Weka ukubwa wa 720 kwa 576 na picha 25 kwa sekunde, ndio mfumo wa PAL tunaotumia. Ukihifadhi kwa DV, mfumo usiobana picha sana, tenga takriban GB 13 kwa kila saa ya kanda. Ukihifadhi kwa mfumo wa kubana, GB 2 zinatosha kwa kazi ya kawaida. Kabla ya kuondoka kwa mwenye kanda, mwachie nakala kwenye flashi.

Tazama mara tatu

Mara ya kwanza zima sauti kabisa. Msimulizi wa filamu ya habari anakuambia utazame nini, na wewe hutaki kutazama anachotaka yeye. Ukiwa na VLC, programu ya kuchezea video kwenye kompyuta, herufi E husogeza picha moja moja, na Shift pamoja na S hunasa picha iliyosimama. Kwenye YouTube simamisha video, kisha tumia vitufe vya mkato na nukta kurudi nyuma na kwenda mbele picha moja moja.

Nini cha kutazama? Kifaa chenyewe: redio kubwa ya mbao yenye betri pembeni ni ya zama za valvu, zile taa za kioo ndani ya redio, redio ndogo ya kubebeka ni ya transista, na transista zilianza kuuzwa duniani mwaka 1954 na kutufikia kwa wingi miaka ya 1960. Waya wa eria uliovutwa kutoka dirishani hadi mtini maana yake mtu alikuwa anapigania masafa mafupi. Nani amekaa karibu na kitufe, nani amekaa chini, na wanawake wako wapi. Maikrofoni ngapi zimepangwa mbele ya mhutubu. Na watu wanatazama wapi: kundi zima likiitazama kamera huku redio iko katikati, mpiga picha aliwapanga. Picha ya kupangwa haitupwi, ila inakuambia mwenye kamera alitaka redio ionekane hivyo, na hilo nalo ni jambo la kuandika.

Mara ya pili geuza: funga macho au ufunike kioo, sikiliza tu. Je, unasikia redio halisi, au muziki na msimulizi waliobandikwa baadaye London? Filamu nyingi za habari za zamani zilipigwa bila sauti. Kelele za umati na hata ngoma ziliongezwa mezani.

Mara ya tatu tazama na kusikiliza pamoja, na hapo ndipo ujaze daftari lako. Mimi hutumia Eksel yenye safu chache: jina la video, mahali ilipotoka, dakika na sekunde, kinachoonekana, kinachosikika, tarehe inayodaiwa, tarehe niliyothibitisha. Safu mbili za tarehe ni lazima. Siku ya kupakia mtandaoni, siku ya kurushwa na siku ya kupigwa picha ni siku tatu tofauti.

Picha na sauti, ni za siku moja?

Vipindi vya kumbukumbu vinavyorushwa siku hizi vina tabia ya kuchukua sauti ya redio ya tukio fulani na kuitandaza juu ya picha za tukio lingine. Si uongo wa makusudi. Mhariri alikuwa na sauti, hakuwa na picha, na kipindi kilikuwa saa mbili usiku. Lakini wewe ukiichukua ilivyo, unaandika historia ambayo haikutokea.

Dalili zake ni hizi. Chembechembe za picha zinabadilika ghafla katikati ya hotuba. Watu wananenepa, kwa sababu picha ya mraba imevutwa ijaze kioo kipana. Midomo haifuati maneno. Miavuli imefunguka kwenye hotuba inayodaiwa kuwa ya Agosti, wakati sisi wa huku tunajua Agosti ni baridi na vumbi.

Kwa tarehe, rudi kwenye magazeti: Tanganyika Standard, Uhuru, Ngurumo, The Nationalist, na Daily News iliyozaliwa 1972 kutokana na Standard na Nationalist kuungana. Ratiba za vipindi vya redio zilichapishwa magazetini, na ratiba hiyo ndiyo itakuambia kama kipindi unachodhani unakisikia kilikuwepo siku ile.

Kuna jambo la kiufundi linalowapotosha hata wazoefu. Filamu ya sinema kwa kawaida ni picha 24 kwa sekunde. Televisheni yetu ni 25. Filamu ikichezwa kwenye televisheni bila kurekebishwa, kila kitu kinakwenda kasi kwa karibu asilimia 4 na sauti inapanda. Kwa hiyo ukilinganisha sauti ya mtangazaji kwenye tepu ya RTD na sauti yake kwenye filamu, usiharakishe kusema ni watu wawili. Ipunguze kasi kwanza kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti.

Nenda kwa wazee, lakini picha ibaki mfukoni

Video haijui mambo mengi. Haijui kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1980, bidhaa zilipoadimika madukani, redio nyingi zilikaa kimya kwa kukosa betri, na kwamba watu walianika betri zilizochoka juani wapate japo dakika za taarifa ya habari. Kamera hairekodi redio iliyozimwa. Hayo ni ya mzee wa Ilomba au bibi wa Kalenga.

Ukifika, salimia inavyopasa. Shikamoo haitoshi kila mahali. "Kamwene" ya Iringa na "ugonile" ya Rungwe zinafungua mlango kuliko barua ya chuo. Kisha mwache asimulie bila video yoyote. Uliza vitu: redio ya kwanza ilinunuliwa kwa fedha za zao gani, ilikaa wapi, nani alikatazwa kuigusa, mlisikiliza mchezo wa vichekesho wa Pwagu na Pwaguzi mkiwa wangapi. Rekodi mazungumzo hayo. Video uionyeshe mwishoni, kwanza bila sauti.

Sababu ni kwamba picha inameza kumbukumbu. Mfano mzuri ni hotuba ya Mwalimu Nyerere ya Novemba 1978 ya kutangaza vita dhidi ya Idi Amin. Mtu aliyekuwa Mbeya wakati ule aliisikia kwenye redio, kwa sababu Bara haikuwa na televisheni. Lakini picha zake zimerushwa mara nyingi mno tangu miaka ya 1990, kiasi kwamba wapo watakaokuapia kwamba waliiona. Hawadanganyi. Ukiwaonyesha video kwanza, hutajua tena kipi walikisikia na kipi walikitazama miaka 20 baadaye. Linganisha na kifo cha Mwalimu, 14 Oktoba 1999: hapo swali la "ulisikia au uliona?" lina majibu mawili halali, na jibu lenyewe linakuambia nani mtaani alikuwa na televisheni.

Vipindi vyenyewe vinaweza kukusaidia kupanga miaka. Aliyekaa kwenye kundi la Mtu ni Afya anazungumzia 1973, kampeni iliyokusanya watu takriban milioni 2 kuzunguka redio na vitabu vidogo. Anayemkumbuka Mkwaju, dereva wa lori kwenye mchezo wa Twende na Wakati, yuko 1993 au baadaye, na kwenye mji wa malori kama Tunduma mazungumzo juu ya Mkwaju hayaishi upesi. Ukishajua mwaka, rudi kwenye daftari lako la video za miaka hiyo uone kama redio aliyoielezea inafanana na zinazoonekana.

Watangazaji wa zamani waliohamia televisheni ni mashahidi wa aina yao. Julius Nyaisanga na Charles Hilary, wote marehemu, walitoka RTD wakapita kwenye vituo binafsi, na video zao zipo. Wasikilize kwa heshima na kwa jicho kali, kwa sababu mtangazaji anajua kusimulia, na hadithi iliyosimuliwa hewani mara nyingi hulainika.

Haki na kuhifadhi

Kutazama, kunukuu kwa kifupi na kutaja chanzo kwa ajili ya masomo hakuna shida. Kurusha kipande cha video kwenye kituo chako au kukiweka kwenye chaneli yako ni jambo jingine: Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mwenye kazi, na COSOTA, wasimamizi wa hakimiliki nchini, ndio wa kuwauliza. Kanda za familia zina ruhusa mbili, ya mwenye kanda na ya wanaoonekana. Msiba wa mtu usiupakie popote, hata kama redio iliyo nyuma ya jeneza ni ya aina adimu.

Majina ya mafaili yaanze na mwaka, kisha mahali, kisha chanzo, mfano 1975_Makambako_AP. Weka nakala mbili kwenye diski tofauti zisizokaa nyumba moja. Nakala ya tatu, pamoja na daftari la Eksel na rekodi za wazee waliokubali, ipeleke maktaba ya chuo kilicho karibu au uwaulize Makumbusho ya Boma pale Iringa mjini kama watapokea. Andika kwenye kasha majina ya vijiji yalivyo sasa na yalivyokuwa, kwa sababu atakayelifungua atakuwa anatafuta jina moja tu kati ya hayo mawili.